Kabla ya kuandika habari za tiba, jiulize chanzo chako ni nani

Na Mwandishi Wetu

MWANDISHI wa habari za michezo akikosea idadi ya mabao, mashabiki watamcheka siku mbili na mambo yataisha. Mwandishi wa habari za tiba akikosea kipimo cha dawa, kosa lake linaweza kuishia wodini, na pengine makaburini.

Tofauti hiyo ndiyo inayofanya uandishi wa mambo ya afya katika intaneti kuwa kazi inayohitaji uangalifu wa pekee. Zamani, aliyetaka kuchapisha ushauri wa tiba alilazimika kupita mikononi mwa mhariri. Siku hizi yeyote mwenye simu ya mkononi anaweza kuandika maneno machache usiku, na kufikia asubuhi yakawa yamesomwa Mwanza, Mombasa, Bujumbura na Muscat.

Wengi wa wanaoandika hivyo si watu wenye nia mbaya. Ni walimu, wanafunzi wa vyuo, wauguzi na watu wa kawaida wanaotaka kuwasaidia ndugu zao wasiosoma lugha za kigeni. Tatizo lao ni chanzo: hawajui wafanye nini ili kutenganisha neno la kutegemewa na neno la kubahatisha.

Makala haya yanaeleza namna ya kulifanya jambo hilo, kwa kutumia mifano ambayo mingi imetokea katika eneo letu la Afrika Mashariki.

Funzo la Kemron

Mwaka 1990, wakati Ukimwi ukiwa unaua watu wengi na matumaini ya tiba yakiwa madogo, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) ilitangaza dawa iliyopewa jina la Kemron. Ilikuwa na kiasi kidogo sana cha intaferoni, protini ambayo mwili wenyewe huitengeneza unapopambana na virusi.

Rais Daniel arap Moi alishiriki katika kuitangaza. Magazeti yaliandika kwa herufi kubwa, na habari ikavuka bahari hadi Marekani. Ilidaiwa kuwa wagonjwa walipata nguvu upya, na kwamba wapo ambao vipimo vyao havikuonyesha tena maambukizi.

Hata hivyo, utafiti wa awali haukuwa na kundi la wagonjwa waliopewa kidonge kisicho na dawa ili hali zao zilinganishwe na za wale waliopewa Kemron. Majaribio yenye makundi ya namna hiyo yalipofanyika baadaye, likiwamo moja la Kampala lililohusisha wagonjwa zaidi ya 500, dawa hiyo haikuonyesha faida.

Tukio hilo lina funzo kubwa kwa mwandishi. Chanzo hakikuwa mtu wa mitaani. Kilikuwa taasisi ya serikali yenye wanasayansi wa kweli, na nyuma yake alisimama mkuu wa nchi. Kwa hiyo, haitoshi kuuliza ni nani aliyesema. Ni lazima kuuliza pia amejuaje.

Ngazi za ushahidi

Wataalamu wa utafiti wa tiba huupanga ushahidi kwa ngazi. Ngazi ya chini kabisa ni ushuhuda wa mtu mmoja: "Nilikunywa, nikapona." Ushuhuda huo unaweza kuwa wa kweli kabisa, lakini hautuambii kama mtu huyo angepona hata bila kunywa. Mafua huisha yenyewe, na maumivu ya mgongo huja na kuondoka.

Ngazi inayofuata ni majaribio ya maabara na ya wanyama. Dawa nyingi huua vijidudu ndani ya kichupa cha kioo, lakini hata jiki huviua. Swali ni kama kitu hicho kinaweza kufanya kazi hiyo ndani ya mwili wa binadamu bila kumdhuru.

Juu yake zipo tafiti za kuwafuatilia watu bila kuwapangia tiba. Hizi hufaa sana kuonyesha mambo yanayoambatana, lakini si lazima moja liwe limesababisha jingine. Watu wanaokula matunda mengi wanaweza kuwa na afya njema kwa sababu ya matunda, au kwa sababu wana kipato cha kununua matunda na kumwona daktari mapema.

Ngazi yenye nguvu zaidi kwa swali la kama tiba inafaa ni jaribio ambalo wagonjwa hugawanywa katika makundi kwa bahati nasibu. Kundi moja hupewa tiba mpya, jingine hupewa tiba ya zamani au kidonge kisicho na dawa, kisha matokeo hulinganishwa.

Juu kabisa yapo mapitio yanayokusanya majaribio yote yaliyofanyika kuhusu swali moja na kuyapima kwa pamoja, pamoja na miongozo ya matibabu inayotokana na mapitio hayo. Mtandao wa watafiti wa Cochrane, ulioanzishwa Uingereza mwaka 1993, unafahamika duniani kwa kazi hiyo ya mapitio.

Mantiki peke yake haitoshi

Wapo wanaoona kuwa ngazi hizo ni urasimu wa wasomi. Wao husema, kama jambo lina mantiki na madaktari wazoefu wanalikubali, majaribio ya nini?

Jibu lilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba mtoto aliyefikishwa hospitali akiwa na homa kali, huku mzunguko wake wa damu ukiwa umedhoofika, apewe maji mengi ya mshipani kwa haraka. Mantiki yake ilionekana wazi: damu haizunguki vizuri, basi mwongezee maji.

Watafiti walilipima jambo hilo kwa watoto 3,141 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la New England Journal of Medicine. Miongoni mwa watoto waliopewa maji hayo kwa haraka, takriban 10.5 katika kila 100 walifariki dunia ndani ya saa 48. Miongoni mwa wale ambao hawakupewa, waliofariki walikuwa 7.3 katika kila 100.

Tiba iliyoaminiwa kuokoa maisha ilikuwa, kwa watoto hao, ikiyapunguza.

Hapa mwandishi makini ataongeza sentensi ambayo mwandishi mwenye haraka angeiacha: watoto wenye ugonjwa wa kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa katika jaribio hilo. Mtoto anayeharisha huhitaji sana kurudishiwa maji mwilini. Anayeandika tu kwamba "maji ya mshipani yanaua watoto" atakuwa ameuchukua utafiti wa kweli na kuugeuza kuwa uongo wa hatari.

Utafiti mmoja si mwisho wa maneno

Mwezi Februari 1998, jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha makala ya daktari Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12 tu. Makala hayo yaliibua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela ina uhusiano na usonji. Wazazi wengi waliogopa, na idadi ya watoto waliochanjwa Uingereza ikashuka.

Uchunguzi wa mwandishi wa habari Brian Deer ulifichua kasoro nzito katika kazi hiyo. Februari 2010 The Lancet iliyafuta makala hayo, na Mei mwaka huo Wakefield akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 657,461, na hawakuona kwamba chanjo hiyo inaongeza hatari ya usonji.

Pamoja na hayo, hadi leo wapo wanaoyanukuu makala ya 1998 kana kwamba hayakufutwa. Huo ni uzembe unaoepukika. Kabla ya kunukuu utafiti wowote, mwandishi anapaswa kuutafuta katika PubMed, hazina ya mtandaoni inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambayo huweka alama katika makala yaliyofutwa.

Ieleweke, hata hivyo, kwamba utafiti kuonekana katika hazina hiyo si cheti cha ubora. Hazina ni kama maktaba: vitabu vizuri na vibaya vyote vina rafu zake.

Aidha, si kila kinachoitwa jarida la kisayansi kina wahakiki. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa mwandishi John Bohannon, ambaye alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ambayo mhakiki yeyote makini angeyaona. Jina la mwandishi wake lilibuniwa, na taasisi yake, iliyodaiwa kuwa Asmara, haikuwapo duniani. Aliyatuma makala hayo kwa majarida 304 ya mtandaoni, na 157 yakayakubali.

Tazama tarehe

Chanzo kizuri nacho huzeeka. Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 na kuweka SP, kisha mwishoni mwa mwaka 2006 ikaanza kutumia dawa ya mseto, Alu. Kitabu cha tiba cha mwaka 1995 kilikuwa sahihi kwa wakati wake, lakini anayekinakili leo anawapa wasomaji dawa ambayo vimelea vya malaria vilishaizoea.

Vivyo hivyo, aliyeandika mwaka 2020 kwamba Shirika la Afya Duniani (WHO) halijapendekeza chanjo ya malaria kwa matumizi mapana alisema kweli. Oktoba 2021 shirika hilo lilipendekeza chanjo ya kwanza, RTS,S, na Oktoba 2023 likapendekeza ya pili, R21. Sentensi ile ile sasa ni kosa.

Hata WHO yenyewe hubadili kauli. Katika miezi ya mwanzo ya janga la corona haikupendekeza watu wote wenye afya kuvaa barakoa, lakini Juni 2020 ikazishauri serikali kuhimiza uvaaji wake mahali ambapo maambukizi yameenea na watu hawawezi kukaa mbali. Wapo waliosema huo ni ushahidi kwamba shirika halijui lisemalo. Lakini chanzo kinachorekebisha kauli yake hadharani na kueleza sababu kinastahili kuaminiwa zaidi kuliko kile ambacho hakijawahi kukiri kosa.

Namba hudanganya zikiachwa peke yake

Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Watoto 5,425 wenye malaria kali waligawanywa katika makundi mawili: wengine walitibiwa kwa kwinini, na wengine kwa sindano ya atesuneti.

Katika kundi la kwinini walifariki watoto 10.9 katika kila 100. Katika kundi la atesuneti walifariki 8.5. Mwaka uliofuata WHO ilipendekeza atesuneti badala ya kwinini kwa watoto wenye malaria kali.

Mwandishi anaweza kuyaeleza matokeo hayo kwa njia mbili. Anaweza kusema kuwa atesuneti hupunguza vifo kwa zaidi ya asilimia 22. Anaweza pia kusema kuwa huokoa watoto wawili hadi watatu zaidi katika kila 100. Kauli zote mbili ni za kweli, lakini ya kwanza ikisimama peke yake humfanya msomaji aone muujiza, na ya pili ikisimama peke yake inaweza kumfanya aone faida kuwa ndogo, ilhali kwa maelfu ya watoto ni jambo kubwa sana.

Msomaji ana haki ya kupewa zote mbili. Ukiona tangazo la dawa linalotaja "punguzo la asilimia 50" bila kusema ni kutoka wangapi hadi wangapi, tambua kuwa umefichwa kitu. Hatari inayoshuka kutoka watu wawili hadi mmoja katika kila 10,000 nayo imepungua kwa asilimia 50.

Ni vema pia kuuliza ni nani aliyelipia. Januari 1954 kampuni za sigara za Marekani zilinunua nafasi katika mamia ya magazeti ya nchi hiyo na kutangaza kwamba haijathibitishwa kuwa sigara husababisha saratani ya mapafu. Utafiti uliolipiwa na mwenye bidhaa si lazima uwe wa uongo, lakini msomaji anapaswa kuambiwa.

Magazeti nayo yamo

Itakuwa si haki kuwanyooshea wengine kidole na kujisahau sisi wenyewe. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walifurika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa Sh500. Kwa wiki nyingi vyombo vya habari vilijaza kurasa kwa shuhuda za waliosema wamepona kisukari, saratani na Ukimwi.

Misururu ya magari ilikuwa habari, na ilistahili kuandikwa. Lakini kuandika kwamba watu wanasema wamepona ni jambo moja, na kuandika kwamba wamepona ni jambo jingine, linalohitaji vipimo vya kabla na baada. Mgonjwa aliyesoma shuhuda hizo na kufikiria kuacha dawa zake hakuwa na njia ya kuitambua tofauti hiyo kama mwandishi hakumwonyesha.

Kwa sababu hiyo, gazeti, likiwamo hili, lichukuliwe kama dirisha la kumwonyesha mwandishi kuwa utafiti fulani upo. Akishaliona dirisha, aingie ndani na kuusoma utafiti wenyewe, wote, wala si muhtasari wake tu. Muhtasari mara nyingi hubeba habari njema, na tahadhari hubaki katika kurasa za ndani.

Mtego wa lugha

Anayeandika kwa Kiswahili ana mzigo wa ziada, kwa kuwa vyanzo vingi vipo katika lugha nyingine. Chanzo kinaweza kuwa bora kabisa, kisha kikaharibikia njiani.

Mfano mzuri ni Alu. Dozi ya pili ya dawa hiyo hunywewa baada ya kupita saa nane tangu dozi ya kwanza. Mwandishi akiandika kwa ufupi "dozi ya pili saa 8", msomaji wa Kiswahili ataelewa saa nane mchana. Aliyekunywa dozi ya kwanza saa tano asubuhi atarudia baada ya saa tatu tu.

Mfano mwingine ni vipimo. Miligramu moja ina mikrogramu 1,000, na katika maandishi ya kigeni vifupisho vyake hutofautiana kwa alama ndogo tu. Anayekosea hapo huzidisha dozi mara elfu.

Yapo pia maneno ya kawaida ambayo mitaani hutumika kana kwamba ni mamoja: kutibu, kuponya, kukinga na kupunguza makali. Dawa za ARV hudhibiti virusi na kumwezesha mtu kuishi miaka mingi, lakini haziponyi. Utafiti unaosema jambo fulani "linahusishwa" na ugonjwa usitafsiriwe kuwa "linasababisha", na "huenda" isigeuzwe kuwa "hakika".

Mwandishi afanye nini?

Kwanza, aanzie juu ya ngazi badala ya chini. Atafute kama kuna mwongozo wa wizara ya afya au wa WHO kuhusu jambo lake, kisha mapitio ya tafiti, na ndipo ausome utafiti mmoja mmoja. Miongozo mingi hupatikana bure mtandaoni.

Pili, kuhusu dawa, aangalie kama imesajiliwa na mamlaka husika. Kwa Tanzania ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo hadi mwaka 2019 ilijulikana kama TFDA. Kwa Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu.

Tatu, aandike tarehe ya chanzo na jina lake ndani ya habari ili msomaji aweze kukifuatilia mwenyewe. Asiyetaka chanzo chake kijulikane huwa na sababu.

Nne, aeleze ni watu gani waliochunguzwa. Matokeo ya wanaume watu wazima wa Ulaya hayahamishwi moja kwa moja kwa mama mjamzito wa Tabora.

Tano, ampe mtaalamu asome kabla ya kuchapisha. Mfamasia wa mtaani au mganga wa zahanati anaweza kuona kwa dakika tano kosa ambalo mwandishi hakuliona kwa siku tano. Wahenga walisema kuuliza si ujinga.

Na sita, asipopata chanzo cha kutegemewa, anyamaze. Katika habari nyingine ukimya wa mwandishi ni hasara kwake, lakini katika habari za tiba mara nyingi ni faida kwa msomaji.

Mama anayefungua simu yake saa saba usiku, mtoto mgonjwa akiwa mapajani, hana muda wa kupanda ngazi za ushahidi. Atafanya alichokisoma. Kazi ya kupanda ngazi hizo ni ya aliyeandika, na ilipaswa kufanyika kabla mtoto hajaugua.